Kiti cha Nyuma

Bonifasi alifika matanga yakiwa yameshaanuliwa. Turubai lilikuwa limerudi kwa mwenyewe, mabenchi yamerudi kanisani, na masufuria ya majirani zetu wa hapa mtaa wa Izia, Sumbawanga, yamekwenda kila moja kwa mlango wake. Nilikuwa nimebaki na ukimya wa nyumba iliyozoea sauti ya cherehani. Alishuka kwenye basi la Tunduma na mkoba mdogo, akaja kwa miguu kutoka stendi ingawa magoti yake yamechoka kama yangu, akaingia bila kubisha hodi, vilevile alivyokuwa akiingia zamani kwenye chumba chetu cha Kizwite. Tulishikana mikono muda mrefu. Alikaa kwenye kiti kinachotazamana na pazia alilolishona marehemu mke wangu, akalitazama, akanywa chai yote mpaka ikaisha, kisha badala ya kunipa pole akaniuliza, "Desi, ile baiskeli ipo?" Nilitaka kukasirika. Nimefiwa na Skolastika, na mtu niliyemkosa karibu maisha yangu yote ananiuliza habari za chuma. Lakini nilimwona anavyokishikilia kile kikombe kitupu, nikajua kwamba hiyo ndiyo pole yake na hana nyingine. "Ipo," nikamwambia. "Iko stoo, nyuma ya magunia ya mahindi."

Wanangu wanadhani maisha yangu yalianza siku nilipoingia chuo cha ualimu. Mimi najua yalianza mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka ambao sikuwa na kazi yoyote ya maana zaidi ya kukaa kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja kuitwa chuoni, na kungoja ni kazi niliyoifanya kwa bidii. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kizwite pamoja na Bonifasi, fundi wa gereji ya misheni: kitanda kimoja cha kamba, kalenda ya watakatifu ya mwaka uliokwishapita, jiko la mkaa tulilopikia mlangoni kwa sababu ya moshi, na harufu ya grisi iliyoingia mpaka kwenye maharage. Na ukutani, ikichukua nafasi yote ambayo watu wengine wangeweka meza, baiskeli ndefu kuliko baiskeli zote: viti viwili, pedali jozi mbili, mnyororo wa kutoka mbele mpaka nyuma. Walikuwa wamekuja nayo Wazungu wawili, mtu na mkewe, wakisafiri kuelekea kusini. Mke akashikwa na malaria, wakapandishwa lori kwenda Mbeya, na mume akamwachia Bonifasi ile baiskeli kwa sababu ndiye aliyekesha naye akiitengeneza. Bonifasi aliipa jina la Mapacha. Alikuwa akiifuta vumbi kabla ya kunawa uso wake mwenyewe.

Wa mbele ndiye anayeona. Ndiye mwenye usukani, breki na kengele, ndiye anayeamua shimo lipi likwepwe na lipi lipigwe. Wa nyuma naye amepewa usukani, lakini haugeuki, ni wa kushikilia tu kama mtoto anayeshika upindo wa kanga ya mama yake. Mwaka mzima niliuona uwanda wa Ufipa kwa pembeni, ukipita kushoto na kulia, na katikati mgongo wa Bonifasi, shati la khaki lenye kiraka begani ambacho hadi leo naweza kukichora. Nilikipenda kiti kile, sitaki kudanganya. Kuna watu tumezaliwa abiria. Nilikuwa naweza kukanyaga pedali na kuota kwa wakati mmoja, na ndoto zangu nyingi za ujana niliziota nikiwa safarini, jua likinipiga kisogoni. Shida ilikuwa wazee. Kwetu huwezi kumwamkia mkubwa ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za kwenu zote na unajibu zote. Juu ya Mapacha ilibidi wawili tukubaliane kushuka. Siku moja nilimwona mama mmoja mwenye mzigo wa kuni, nikaruka chini peke yangu kwa adabu, na Bonifasi akaendelea na safari huku akinisimulia habari za gari la paroko. Alifika darajani ndipo akagundua kwamba anazungumza na upepo. Hakunisemesha mpaka jioni.

Basi katika mwaka huo huo Skolastika alipanda mlima kutoka bondeni, kutoka kijiji cha upande wa Ziwa Rukwa, akileta cherehani ya mama yake gereji. Mimi sikuwapo. Nilichokiona ni Bonifasi akirudi chumbani jioni ile na kula ugali bila mboga, mboga ikiwa mbele yake. "Desi," akasema, "nimepata mke. Bado yeye kujua." Kuoa kulikuwa na njia yake, na njia hiyo ni mshenga. Mwenye kuoa anabaki kwao, mdomo kafunga. Mshenga ndiye anayekwenda, anapeleka jembe jipya la kufungulia maneno, anazungumza. Jembe likipokelewa, nyumba imefunguka. Bonifasi alinichagua mimi, kwa sababu nilisoma na kwa sababu hakuwa na mwingine. Tatizo lilikuwa moja tu: mshenga hajui kuendesha kiti cha mbele, na mwenye kuoa hawezi kumpa mtu mwingine Mapacha. Tukakubaliana twende wote. Angeniacha nje ya kijiji, ajifiche kwenye vichaka, mimi niingie kwa miguu na jembe langu mkononi. Ulikuwa mpango mzuri, ila sisi wawili tulioupanga tulikuwa hatujapata kupita bondeni mwezi wa kumi.

Tuliondoka Sumbawanga kukiwa na ubaridi wa kuvaa sweta. Mashamba ya ulezi yalikuwa matupu, moshi wa majiko umelala chini juu ya mapaa, na sisi tunapita tukipumua mvuke. Kisha uwanda ukakatika. Anayeijua barabara ya kushuka bondeni anajua pale ninaposema: unafika ukingoni, na chini yako dunia nyingine imetandikwa, ya rangi ya majivu, na kwa mbali sana mstari wa ziwa. Tulishuka tukiburuza miguu ili kuisaidia breki. Kila kona joto liliongezeka, kama mtu anayefunua sufuria kidogo kidogo, na nilivua sweta, kisha shati, kisha nikalivaa tena shati kwa sababu jua lilikuwa linauma. Huko chini hapakuwa na kivuli. Maji ya ziwa yalikuwa yamerudi nyuma mwaka ule, yameacha mbuga tambarare nyeupe ya matope yaliyokauka na chumvichumvi, imepasuka vipandevipande, na njia ikapita katikati yake. Mpira ulipasuka kwa joto, Bonifasi akauziba. Ukapasuka tena. Dumu la maji likawa jepesi, likawa tupu, likaanza kupiga kelele nyuma yangu. Mbele yetu, alisema Bonifasi, kulikuwa na maji mengi yanayometameta yenye miti imesimama ndani yake. "Ni mazigazi hayo," nikamwambia, na yeye akasema anajua, ila ni mazuri. Mimi sikuyaona. Niliona kiraka cha shati kikilowa, kikikauka, kikichora ramani nyeupe ya chumvi. Nadhani nililala. Miguu ilikuwa inazunguka yenyewe na niliota niko kanisani Krismasi, kwenye benchi la nyuma, na mbele kuna mtu anaimba sauti ya pili bila kukosea.

Kumbe hatukuwa tumefika kwenye vichaka vyovyote vya kujificha. Hapakuwa na vichaka. Tuliingia kijijini moja kwa moja, watoto wakikimbia pembeni yetu wakipiga kelele, na pale uwanjani kwa Mzee Gaudensi, baba yake Skolastika, nilishuka miguu ikanikataa, nikakaa chini. Bonifasi alinishika kwapani akaniinua. Ulimi wangu ulikuwa umeshikana na kaakaa. Wazee walikuwa wametoka, wamepanga viti, wanangoja neno, na neno halikutoka kwangu. Kwa hiyo Bonifasi, ambaye hakuweza kamwe kuvumilia kitu kilichosimama, akalichomoa jembe kwenye mzigo, akapiga goti, akapiga makofi, akasema, "Shikamooni wazazi wetu. Tumekuja kuomba kuota moto kwenye nyumba hii." Mzee Gaudensi akaitika marahaba, akalipokea jembe kwa mikono miwili. Kisha wote wakageuka wakanitazama mimi: kijana aliyeletwa kwenye kiti cha nyuma kama mgeni wa heshima, ameinamisha kichwa, hasemi neno. Hivyo ndivyo mwenye kuoa anavyotakiwa kukaa. Binti mmoja mfupi alileta kibuyu cha maji aninyweshe, na aliponiinamia nilimwona uso. Nilikunywa maji yale nikiwa naye mbele yangu, na wala sikujua bado kwamba huyo ndiye aliyefuatwa.

Walinilaza kwenye chumba cha kuwekea ulezi. Kilikuwa na giza la kupendeza, kuta za udongo zilizopoa, dirisha la kutosha mkono mmoja, na harufu ya nafaka kavu inayoleta usingizi. Jiko la wanawake lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilisikia kinu, nikasikia maji yakichemka, na nikasikia kwa Kifipa sauti ya shangazi mtu akisema, "Mume gani huyu anazimia kwa safari ya siku moja?" Mwingine akajibu, "Afadhali anayezimia. Wangu hakuzimia hata siku moja, na nyote mnajua mikono yake." Wakacheka. Shangazi akaendelea, "Mshenga wake lakini ni mwanamume haswa." Hapo usingizi ukanitoka wote. Halafu sauti ya yule binti wa kibuyu, ya chini, isiyo na haraka: "Mshenga anazungumza mno. Huyu aliponirudishia kibuyu alinitazama kama anangoja nimwambie kitu." Nililala macho wazi. Najua ilivyo kupenda kwa sababu najua saa iliponikuta, nimelala juu ya magunia ya watu, jasho limenikauka, na rafiki yangu yuko nje anashangiliwa kwa kazi yangu.

Jioni tuliwekewa ugali wa ulezi na magege wa ziwani waliokaangwa wakakauka, na baada ya hapo chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija. Joto la kufisha mtu, na heshima unayopewa ni kinywaji cha moto. Nilikaa nafasi ya bwana harusi na mrija wa bwana harusi, na Bonifasi akawa anachekesha wazee. Mzee Gaudensi akamgeukia. "Sasa mshenga, tuambie, huyu mwenzako analima nini?" Nikauona uso wa Bonifasi ukielewa. Nikaweka mrija chini. "Baba," nikasema, na hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza katika nyumba ile, "mimi ndiye mshenga. Mwenye kuoa ni yeye." Walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Walipotuona hatucheki, wakanyamaza mmoja mmoja. Bonifasi akasimama akasema ndiye aliyetengeneza cherehani, ndiye aliyelinunua jembe, ndiye aliyeikanyaga njia yote hii. Mzee Gaudensi alifikiri muda mrefu, akavuta kimpumu, akafikiri tena. "Jembe limepokelewa mbele za watu," akasema, "halitapita mkono hadi mkono kama kiberiti. Lakini mtoto si jembe. Asubuhi ataulizwa."

Asubuhi aliulizwa. Alipiga magoti, akawaamkia wazee kwa makofi, na badala ya kujibu akasema anataka kwanza kuipanda hiyo baiskeli. Shangazi akaziba mdomo. Bonifasi uso ukamng'aa, maana sasa mambo yalikuwa yameingia kwenye fani yake. Alimpandisha nyuma, kwenye kiti changu, akamzungusha kijiji kizima kwa ustadi, akikwepa kila jiwe, akipiga kengele, akarudi naye uwanjani bila hata kanga kulegea. "Haya, umeona nini?" baba yake akamuuliza. "Nimeona shati," akasema Skolastika. Watu wakacheka. Akamwuliza Bonifasi, "Na nikitaka kukaa mbele?" Bonifasi akacheka naye, kwa upole kabisa, hakuwa mtu mbaya hata kidogo. "Mbele anakaa anayejua njia, dada." "Njia za hapa nazijua kuliko wewe." Mikono ya Bonifasi haikutoka kwenye usukani. Ndipo Skolastika akanigeukia mimi. "Na wewe?" Nikamwambia ukweli, kwamba mimi sijui kukaa mbele, nitamwangusha. "Basi kaa unapokaa siku zote," akasema. Kila mtu akamtazama Bonifasi. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Angeweza kukataa, baiskeli ilikuwa yake na posa ilikuwa yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliachia usukani kidole kwa kidole. Akarudi nyuma, akasimama pembeni na mikono haina pa kwenda.

Hatukufika mbali. Skolastika aliipeleka Mapacha moja kwa moja kwenye ua wa mabua, na mimi nyuma yake nilikuwa nakanyaga kwa moyo wote kuelekea huko huko, maana sikuona ua, niliona kitenge chenye maua ya manjano na shingo yenye jasho. Tulianguka. Aliyeanza kucheka ni yeye, akiwa bado chini, mguu wake umenaswa na mnyororo, na aliposimama alikung'uta mabua akasema, "Baba, jembe libaki."

Ilibidi turudi, Bonifasi na mimi, juu ya baiskeli ile ile, kupitia mbuga ile ile. Hapakuwa na njia nyingine ya kurudi. Kwenye Mapacha mnyororo unaifunga miguu yenu pamoja. Mwenzako akichoka unajua, akikasirika unajua kabla yeye mwenyewe hajajua. Mwanzo alikanyaga kwa hasira na nikamfuata. Katikati ya mbuga, pale kweupe kabisa ambapo hakuna juu wala chini, pedali zikawa nzito ghafla. Alikuwa ameacha kukanyaga. Miguu yake ilikuwa inabebwa tu na yangu, na mgongo wake haukuwa umetulia. Nilishikilia usukani wangu usiogeuka nikakanyaga kwa ajili ya wawili, jua likinipiga, chumvi ikiniingia machoni, nikampenda siku ile kuliko siku zote nilizopata kumpenda. Tulipofika chini ya mlima akashuka, akanawa uso kwenye kijito. "Desi," akasema bila kugeuka, "siku zote hizi nilidhani unanidanganya. Nilidhani unaegesha miguu tu." "Nilikuwa nakanyaga." "Ndiyo. Leo nimekusikia." Tukaisukuma baiskeli mlima mzima, kila mtu upande wake.

Mahindi hayakuwa yametoa mbelewele Bonifasi alipoondoka. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta matandiko ya upande wake yamekunjwa, na Mapacha imeegeshwa mlangoni, imefungwa mnyororo mpya. Alikwenda Tunduma, akafungua gereji, akaoa, akazaa. Kwenye harusi yangu hakuja. Simu zilipoingia tulipigiana kila Krismasi, tukaulizana mvua na watoto. Skolastika alikuwa akiniambia, "Msalimie yule wa shati," na mimi namsalimia. Na mimi naye tulipanda Mapacha miaka na miaka, misa ya kwanza, minadani, mpaka Mwimbi kwa dada yake wakati wa mavuno, yeye mbele na cherehani nyuma yangu. Mji mzima wa Sumbawanga ulinicheka: mwalimu anaendeshwa na mkewe. Waache wacheke. Nimezijua kanga zake zote kwa upande wa mgongoni, nimeijua shingo yake ikiwa na vishungi vya nywele za ujana na ikiwa na mvi, na sikuwahi kuuliza tunakwenda wapi. Wakati wa ugonjwa wake alikuwa bado ananiambia kuna shimo wapi.

Tuliitoa stoo asubuhi, Bonifasi na mimi. Panya walikuwa wamekula kiti cha mbele. Alikaa chini kwenye kibaraza, mzee wa watu, akaweka viraka, akatia mafuta, akashika kila kitu kwa mkono kama daktari. Nikadhani itaishia hapo. Akaisogeza barabarani, akaishika, kisha akazunguka akarusha mguu wake mbovu, akakaa nyuma.

"Bonifasi, mimi sijawahi kukaa mbele."

"Najua. Na mimi sijawahi kukaa nyuma. Panda, unipeleke nikamwone."

Makaburi si mbali kutoka kwangu. Nilipanda. Tuliyumba mpaka kwa jirani, kijana wa bodaboda akasimama kutupisha, akazima injini, akashuka kabisa kwenye pikipiki yake. "Shikamooni wazee wangu!" Tukaitika marahaba tukiwa bado tunayumba. Kisha barabara ikanyooka, na nikaiona. Yote, mpaka mwisho wake. Hapakuwa na kiraka cha khaki wala maua ya manjano, hapakuwa na mgongo wa mtu kati yangu na upepo, na upepo ukanipiga usoni ambao kumbe wao wawili walikuwa wakinikinga nao maisha yangu yote. Nilishindwa kuona. Miguu yangu ikasimama.

Pedali hazikusimama. Zikaendelea kuzunguka chini ya nyayo zangu, polepole, zikiibeba miguu yangu, na nyuma yangu nikamsikia Bonifasi anakanyaga.